Maziwa ya Jumatatu

Namtumbo,
9 Juni 1997

Kwa wifi Aisha,

Salamu zangu utazipokea ukipenda. Sisi huku wazima, mahindi yako ghalani, na mume wangu anahangaika na bani lake la kukaushia tumbaku. Hayo yanatosha, maana sikushika kalamu ili nikupe habari za mavuno.

Nimeandika kwa ajili ya mdogo wangu Kassian. Ulinitumia mtu aliyekonda mpaka mashavu yameingia ndani. Alishuka kwenye basi hapa amejishikilia mlangoni, anakohoa, anatetemeka kwa homa, hapandi ngazi za baraza bila kupumzika. Nikasema moyoni, huyu nimeletewa nizike. Basi amekaa kwangu likizo yake yote. Wiki haikwisha, homa ikakata. Baadaye akaanza kumaliza ugali na kuomba mwingine. Mwisho alikuwa anapasua kuni, tena anaimba. Sikumpa dawa yoyote, Aisha. Nilimpa chakula tu, cha jikoni kwangu.

Sasa sikiliza vizuri. Siku ile ya kwanza, homa imempanda, nilimuuliza, "Mlongo wangu, ndugu yangu, unakula nini huko Songea?" Akanijibu amefumba macho: "Ni yale maziwa, dada. Maziwa ya Jumatatu ndiyo yananimaliza." Alipopata nguvu nikamuuliza tena, akasema yalikuwa maneno ya homa.

Mwenye ng'ombe ni wewe. Anayekamua ni wewe. Mimi nimemlea Kassian tangu mama yetu alipofariki, nimembeba mgongoni nami bado msichana mdogo, na Jumamosi nimemrudisha kwako akiwa mzima. Nakuuliza kistaarabu, na sitauliza tena hivyo: unamtilia nini kwenye maziwa siku ya Jumatatu?

Wifi yako,
Epifania


Mshangano, Songea,
21 Juni 1997

Wifi Epifania,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu nilifundwa kwetu, si kwa sababu barua yako inaistahili.

Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Umeniita muuaji kwa mwandiko mzuri, koma zote ziko mahali pake. Haya. Ng'ombe wangu ni mmoja, na hajui Jumatatu wala Ijumaa. Maziwa yake anakunywa Edna, mtoto wa mdogo wako. Nakunywa mimi. Wananunua walimu wa shule ya hapa jirani, watu waliohamishiwa huku kutoka Bukoba na Moshi, na Mwalimu Henry anamnywesha mwanawe aliyeanza kutambaa juzi. Wote wananenepa. Asiyeyagusa ni Kassian peke yake! Wewe uliyemlea hujui kwamba hanywi maziwa? Tangu anioe chai yake ni ya rangi. Ukimwekea maziwa anasukuma kikombe kama kimeingia nzi.

Sasa nikupe habari ambayo hukuiomba. Alirudi mzima kweli, nikamshukuru Mungu, na nilikuwa karibu kukushukuru na wewe. Jumatatu akaenda kazini, kwenye mashine yake ya kukereza vyuma. Jioni karudi anatetemeka, kifua kinalia, blanketi mbili hazimtoshi. Kwangu alikuwa amekunywa uji wa asubuhi tu, na mimi nilikunywa sufuria hiyo hiyo. Nikamsomea barua yako, nikamuuliza maana ya maneno aliyokuambia. Akageukia ukutani. "Dada kayakuza mambo. Ni homa tu." Nikamwambia, basi mwandikie umtoe wasiwasi. Akasema ataandika. Je, umeipata barua yake? Mimi sijaiona ikiandikwa.

Kama kinachokuuma ni kwamba mimi ni Mwislamu wa Nalasi, na kwamba ndugu yako alinioa bomani badala ya kanisani, sema hivyo waziwazi. Usimpitie ng'ombe.

Wifi yako,
Aisha binti Majaliwa


Namtumbo,
25 Agosti 1997

Aisha,

Kassian alikuja kwenye msiba wa mjomba wetu Pankrasi. Alifika hoi kuliko mara ya kwanza, watu wakaacha kumlilia marehemu wakamwangalia yeye. Amekaa matanga yote. Ameondoka amepona. Kwako anaugua, kwangu anapona, na sasa ni mara ya pili. Mtoto wa darasa la kwanza angeijumlisha hesabu hiyo. Na hayo ya kwamba hanywi maziwa nayajua kabla hujamjua yeye. Ndiyo maana yalinishtua. Mtu asiyenywa maziwa atayatajaje kwenye homa kama hakuna anayemlazimisha, au anayemtilia kwenye mboga?

Tumekaa kikao, baba yetu mdogo Anord akiwa mkubwa wetu. Tumeamua Kassian asile tena kwako na asilale kwako mpaka jambo hili lieleweke. Kuna chumba ndani ya karakana yao, alikuwa analala mlinzi kabla tajiri mpya hajampunguza kazi. Kassian atahamia humo, na chakula atakula kwa mama ntilie wa barabarani. Wazo la chumba nimelitoa mimi, na wazee wamelipenda.

Tulimuuliza mbele ya wote: "Unakubali?" Akainamisha kichwa, akasema, "Nakubali." Nilikuwa namwangalia usoni, Aisha. Hakukutetea hata kwa neno moja. Mwanamume anayejua kwamba mkewe anasingiziwa husema. Wa kwako hakusema.

Usimfuate huko. Usimpelekee chochote.

Epifania


Mshangano,
30 Septemba 1997

Epifania,

Shikamoo leo hakuna.

Mdogo wako alikuja na mkokoteni akachukua godoro. Edna akamuuliza kama anasafiri. Akamwambia anakwenda kulinda mashine zisiibiwe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, akanipita kama anapita duka lililofungwa.

Hongera, habari yenu imeenea. Mke wa Mwalimu Henry amenitumia salamu nisimpelekee tena maziwa, eti mtoto kabadilishiwa chakula. Mwingine alipokea, nikaona kwa macho yangu anayamwaga kwenye migomba. Kisimani wanawake wakiniona wanafunika ndoo zao. Mimi! Mimi niliyewazalisha wawili kati yao mvua inanyesha na gari hakuna. Nalia kwa hasira, sikufichi, na nikimaliza kulia hasira iko pale pale.

Juzi nimempelekea wali na maharage, nikasimama kwenye geti la karakana. Akaziangalia zile bakuli kwa njaa ya mtu aliyefungwa, kisha akasema, "Rudi nazo. Dada atasikia." Na hali yake nimeiona, wewe hujaiona. Zamani alikuwa anaugua Jumatatu, kufika Jumapili anapumua, anacheza na mtoto uani. Sasa Jumapili yake imekufa. Anakohoa mfululizo, kucha zimekuwa za buluu. Hospitali walimpima makohozi, hawakuona kitu, wakampa dawa za kifua kikuu hivyo hivyo. Hazijamsaidia.

Halali kwangu. Hali kwangu. Hata maji yangu hanywi. Na anazidi! Wewe hodari wa hesabu, nijumlishie hiyo.

Aisha


Namtumbo,
14 Oktoba 1997

Aisha,

Kitu kilichoingia mwilini mwa mtu kwa miaka hakitoki kwa kuhama nyumba. Na watu wa kwenu hawakosi njia, tumeyasikia mengi. Anayeshindwa kulisha anajua kutuma.

Mimi ni Mkristo, siendi kwa waganga. Lakini baba mdogo Anord haogopi mtu, na amesema Edna aletwe huku shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili. Mtoto ni wa ukoo wetu. Mwandalie nguo zake mapema ili tusije kugombana stendi.

Kassian abaki pale pale nilipomweka.

Epifania


Mshangano,
17 Novemba 1997

Epifania,

Edna haendi popote. Hayo tuyaache. Kaa chini usome polepole, maana ukiyasoma haya kwa chuki yako ya kawaida mdogo wako atakufa.

Wiki iliyopita alikuja hapa Egidi, fundi anayefanya kazi mashine ya pili kutoka kwa Kassian. Naye anakohoa. Alikuja kwa sababu amesikia mitaani kwamba Kassian kalishwa maziwa yenye sumu na mkewe. Alipolitaja hilo alicheka mpaka kifua kikambana. Kisha akaona mimi sicheki. "Shemeji," akaniambia, "kwani Kassian hakukueleza? Maziwa ni yale ya mashine."

Sikiliza. Chuma kikikatwa kinaungua, kwa hiyo wanakimwagia maji yaliyochanganywa na mafuta. Yakichanganyika yanakuwa meupe pepepe. Mafundi wanayaita maziwa, wala hawayaiti kwa jina lingine. Yanashuka kwenye tangi chini ya mashine, yanavutwa tena juu, yanamwagika tena. Karakana ilipokuwa ya shirika walikuwa wanayamwaga, wanasugua tangi, wanaweka mapya. Tangu tajiri wao mpya, Chande, aliponunua, mafuta yamekuwa ghali, hakuna kumwaga. Wanaongeza maji juu ya uozo. Jumamosi na Jumapili mashine imelala, mle ndani yanaoza. Jumatatu wakiwasha, harufu inatoka ya mayai viza, na mvuke wake unajaa chumba kizima, unaingia puani na kifuani. Hayo ndiyo maziwa ya Jumatatu. Ndiyo aliyokutajia.

Mimi sikutaka kusadiki maneno matupu kama wewe, nikaenda. Nimeinama nikatazama ndani ya tangi. Juu kuna utando kama wa uji uliolala, ukiugusa kwa kijiti unavutika. Na kile chumba ulichomchagulia kimetengwa na mashine kwa mbao tu, tena zina nafasi ya kupitisha kidole. Analala humo. Anavuta hewa hiyo mchana na usiku. Daktari yeyote akifikishiwa habari hii atauliza kwa nini mtu huyo bado yumo mle.

Nimechota chupa ya soda, nimeiziba kwa gunzi na nailoni. Anakuletea Daimu, kondakta wa basi. Usionje. Fungua unuse, basi.

Nilimwomba Kassian atoke. Aliinamia chuma chake. Mimi hanisikii. Wewe anakusikia: ulimwambia ahamie, akahamia. Sasa mwambie atoke. Andika leo. Nichukie kesho.

Aisha


Namtumbo,
8 Desemba 1997

Aisha,

Chupa yako imefika. Sikuifungua. Nani mwenye akili anafungua chupa iliyotumwa na mtu anayemshuku? Nimeikabidhi kwa mwenyekiti wa kijiji mbele ya mashahidi, naye kaifungia kwenye kabati lake pamoja na mhuri. Mvua zikipungua tutaipeleka polisi.

Barua yako ni tamu, nakusifu. Unataka nikubali kwamba mafuta ya mashine yanaitwa maziwa. Mume wangu ana trekta, na mafuta yake yanaitwa mafuta. Na huyo Egidi simjui, huenda umempa chai.

Lakini nichukulie kwamba ni kweli. Kassian ana mdomo. Alikuwa na likizo nzima kwangu ya kuniambia, "Dada, umenielewa vibaya." Alikuwa na matanga yote. Alikaa mbele ya wazee wake wanakujadili wewe kama mchawi, na neno moja lingemaliza kikao. Kwa nini hakulisema? Nijibu hilo, Aisha, na mimi nitakwenda kuichukua chupa. Huwezi, kwa sababu jibu ni moja tu.

Mvua hizi si za kawaida, daraja linatikisika. Usitume tena vitu.

Epifania


SIMU YA MAANDISHI
Songea, 19 Januari 1998

EPIFANIA NAMTUMBO. KASSIAN KAANGUKA KAZINI. KALAZWA. ANAPUMULIA OKSIJENI. DAKTARI KASEMA NI MAZIWA YA MASHINE. NJOO HATA KWA MIGUU. AISHA


Namtumbo,
16 Februari 1998

Aisha,

Nimefika salama. Daraja bado limekatika, tulivushwa kwa kamba, tukapanda lori la mahindi ng'ambo.

Siku zote zile wodini hatukuzungumza, wewe upande wako wa kitanda na mimi upande wangu. Naona ilikuwa bora. Lakini tulimsikia daktari pamoja, kwa hiyo huna haja ya kunikumbusha. Vijidudu vimezaliana kwenye maji yale machafu, vimepanda na mvuke, vimemjaa kifuani mapafu yakavimba. Angetolewa mapema angepona kabisa. Sasa yamekakamaa na hayatarudi yalivyokuwa. Daktari alipouliza, "Nani alimwambia akalale mle ndani?" wewe ulinyamaza. Ungeweza kunyoosha kidole. Sijui kama nikushukuru au nikuchukie zaidi kwa kunyamaza kule, maana ilibidi nijibu mwenyewe.

Nilipofika hapa nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, hata viatu sijavua. Akanipa chupa. Nikaifungua barazani kwake. Mwenyekiti alitoka mbio akaacha kofia kitini, na mbuzi wakaondoka uani. Mimi nilibaki nayo mkononi. Nilinusa mpaka nikatapika, halafu nikanusa tena. Kassian alikuwa analala kwenye harufu ile kwa amri yangu.

Radhi siombi kwa karatasi. Nitakuja nipige magoti mlangoni kwako watu wakiona, na utaamua mwenyewe kama utafungua. Usidhani nimekuwa shoga yako.

Ila swali langu la Desemba bado sijajibiwa. Nilimuuliza pale wodini ulipotoka kununua chai: "Kwa nini hukusema?" Akafumba macho. Wewe ni mkewe, muulize. Na akitoka hospitali niletee nimuuguze. Nafasi ninayo, na deni hilo ni langu.

Epifania


Mshangano,
9 Machi 1998

Epifania,

Kassian ametoka hospitali. Anafika chooni kwa kupumzika njiani. Shati anavalishwa. Kazi hatafanya tena, si ya mashine wala ya jembe. Chande hakuja kumwona. Alimtuma karani na barua ya kumwachisha kazi, eti amekuwa mtoro. Egidi na wenzake wamegoma kuwasha mashine mpaka matangi yasuguliwe. Sijui watafika wapi.

Nimemuuliza. Nilingoja apate pumzi, nikakaa mbele yake asipate ukuta wa kugeukia.

Alijua. Tangu asubuhi ile kwako, homa ilipokata, alijua amesema nini na wewe umeelewa nini.

Nikamwambia, "Dada yako aliniita muuaji, nikakusomea barua."

"Nilisikia."

"Kikao kikaniita mchawi, ukainama."

"Niliinama."

"Kwa nini, Kassian?"

Alichukua muda kukusanya hewa ya kunijibu. Akasema: "Ningetaja mashine, maneno yangefika kwa Chande, na wa kwanza kupunguzwa ningekuwa mimi. Nikaona acha dada aseme ni wewe. Wewe ungenisamehe. Chande hasamehi mtu."

Hivyo ndivyo alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza. Nilitoka kukamua ng'ombe, maana alikuwa analia, niliporudi nikamkuta amesinzia kwenye kiti.

Mimi mgonjwa simwogopi. Ningemlisha kwa kijiko mpaka nizeeke, na nisingelalamika hata kwa Mungu. Lakini miezi yote ile watoto wa jirani walipokuwa wanakimbia wakipita mlangoni kwangu, na Edna anarudi shuleni macho yamevimba, yeye alikuwa na neno moja la kunitoa humo, na akalikalia. Akanipima na kazi, akaona mimi ndiye wa kupoteza, kwa kuwa nampenda. Nina hasira mpaka kalamu inachana karatasi. Nilidhani hasira yote ni juu yako. Sehemu yako ipo, usijidanganye, na magoti yako nitayataka. Lakini kubwa si yako.

Daraja limetengenezwa. Anakuja kwako kwa basi la Alhamisi, Egidi atamsindikiza. Alale ameinuliwa kwa mito, usimlaze chali. Usimweke upande wa bani. Moshi wa tumbaku daktari kaukataza kabisa, mwambie mumeo. Ugali uwe laini na kidogo kidogo. Vidonge vyake vimo kwenye mfuko wa pembeni, na sweta nimemtilia kwa sababu asubuhi za kwenu ni baridi.

Jana aliponiona nafunga begi aliuliza kama na langu tayari. Nikamwambia langu halimo. Akatabasamu kidogo kama mtu anayedhani anataniwa. "Utakuja tu, Aisha. Nakujua." Nikamwambia, "Ulinijua kwa kukisia, Kassian, na umekosea."

Edna atakuja kumwona likizo ya Juni. Mpokee stendi, atakuwa peke yake.

Aisha Majaliwa